Huyu jamaa wa vioo vyeusi leo kavuka mipaka, nasema kavuka!

Wakuu, naandika nikiwa bado nimesimama ndani ya basi, mkono mmoja umeshika bomba, mwingine unatetemeka kwa hasira. Simtaji. Nimtaje wa nini wakati wote mnamjua? Yule yule wa gari refu kama ghorofa, vioo vyeusi tii, na ndani yumo peke yake.

Leo kaingia kwenye njia ya mabasi. Chini pameandikwa BASI kwa herufi ndefu kuliko yeye mwenyewe, lakini kaingia, kakwama, katuzibia. Basi limejaa hadi mlangoni, linamsubiri mtu mmoja! Kondakta akashuka, akamgongea kwa adabu zote, "Bosi, tusogezee kidogo." Kioo kikashuka. Hakikushuka chote, wakuu, kilishuka vidole vinne tu, pa kupitishia mdomo. Akasema: "Mngekuwa na haraka mngenunua magari." Kikapanda.

Mngekuwa na haraka mngenunua magari!! Nilikuwa mlangoni, nimesikia kwa masikio yangu. Mle ndani kuna mama kabeba mtoto, kuna mwanafunzi na sare yake, kuna mzee wa mkongojo. Haya, tununue sote kesho. Wewe utapita wapi, juu ya mapaa? Wapangaji wa miji wanakadiria njia moja ya magari binafsi inapitisha watu 600 hadi 1,600 kwa saa, na njia hiyo hiyo wakipewa mabasi peke yake inapitisha 4,000 hadi 8,000. Sasa nani anamchelewesha nani?

Vidole vinne! Hata kutuangalia usoni hakutaka. Najua umo humu unasoma. Njoo useme tena hapa.

#2 Abiria Sugu
Pole mkuu. Huyo akiegesha anakula nafasi mbili na tairi moja anaipandisha njia ya waenda kwa miguu. Halafu ndiye wa kwanza kudai barabara ipanuliwe. Houston kule Marekani waliipanua Katy Freeway, wakamaliza 2008, kuna sehemu ina njia 26 ukijumlisha na zile za pembeni. Miaka haikupita mingi foleni ikarudi. Ukitanua barabara unaita magari mengine.

#3 Kaa Kushoto
Povu lote hili kwa sentensi moja? Mleta mada umepaniki. Kopa hata pikipiki tupumzike.

#4 Usukani
Mimi nina gari na sioni aibu. Natoka kazini usiku, basi la mwisho limeshaondoka, mnataka nilale kituoni? Siku mabasi yakifika kwa saa yaliyoandika, funguo nawaletea hapa. Na kama ni dhuluma, tuongelee maegesho. Unazunguka mtaa mzima, unapata nafasi, mtu kaweka jiwe kumwekea shemeji yake. Jiwe!

#5 Mleta mada
Mkuu #4 wewe wa usiku sina ugomvi na wewe. Nimesema NJIA YA MABASI, asubuhi, kioo vidole vinne, "mngenunua magari". Mbona hilo mnalikwepa?

#6 Kituo cha Mwisho
Dawa yao ni kuwatoza. Singapore walianza 1975 kudai kibali kwa gari linaloingia katikati ya mji saa za msongamano. London wakafuata Februari 2003. Stockholm walijaribu 2006, wananchi wakapiga kura, 2007 ikawa ya kudumu. Kelele zilikuwepo, lakini magari ya kuingia mjini yalipungua. #4 basi lako linachelewa kwa sababu liko nyuma ya watu kama huyo.

#7 Usukani
Tozeni kwanza lile jiwe.

#8 Dirishani
Mnahangaika na wenye magari wakati adui tumekaa naye humo humo. Mtu anafungulia video kwa sauti ya mwisho, basi zima tunasikiliza ugomvi wa watu tusiowajua. Spika za masikioni hana, haya hana.

#9 Abiria Sugu
Afadhali wa video, utaziba masikio. Mimi na wanaoweka mkoba kwenye kiti! Watu wamesimama wamebanana, mkoba umekaa, umeegemea dirisha. Ukiomba upishwe anakutazama juu hadi chini kana kwamba umemwomba figo.

#10 Mama Mikoba
Nikiuweka chini unakanyagwa, nikiushika unachanwa na wembe. Niuweke wapi?

#11 Abiria Sugu
Mapajani! Mapaja yamezuiwa na nani?

#12 Mleta mada
Jamani turudi kwenye mada, mtu kashusha kioo...

#13 Dirishani
Ngoja kwanza mkuu. Hao wa mikoba wana nafuu. Kuna hawa wa mabegi ya mgongoni, lina chupa, lina kompyuta, lina viatu. Akigeukia kulia kakupiga pua, akigeukia kushoto kamwamsha mtoto wa mwenzake. Mwambie avue, anauliza "nimekugusa?"

#14 Mama Mikoba
Hapo sasa umesema. Mimi wiki hii miwani imeniruka kwa sababu yao.

#15 Kaa Kushoto
Begi langu nalivaa mbele. Semeni na wengine.