Jarida la wiki na kikao cha klabu ya huduma: nini kiingie, nini kiachwe?

KatibuRau ameandika:

Wakuu, habari za jioni. Naombeni msaada wa kiutendaji. Kuanzia Julai mosi nakabidhiwa ukatibu wa klabu ya huduma ya jamii hapa Moshi. Wanachama ni thelathini hivi, tunakutana kila Alhamisi saa 12:00 jioni, na kikao kinatakiwa kiwe cha saa moja. Pamoja na ukatibu naachiwa jarida la wiki. Lililopo ni PDF ya kurasa sita, linatoka Jumanne au Jumatano ya wiki inayofuata, na wengi hawalifungui. Kikao nacho kinasogea hadi saa 1:30 usiku, mzungumzaji mgeni anabakiziwa dakika kumi, halafu watu wanatawanyika bila hata kuwasalimia wageni.

Jarida liwe na nini hasa, litoke lini, liwe na ukubwa gani? Na kikao kipangweje ili ule muda wa kukaa pamoja usipotee? Wenye uzoefu wa Rotary, Lions au klabu nyingine yoyote, Moshi na Arusha, karibuni.

---

Mhariri_Njiro amejibu:

Hongera kwa kuaminiwa, Katibu. Msomaji wako wa kwanza ni mwanachama aliyekosa kikao. Akimaliza kusoma awe anajua kilichoamuliwa, anachotakiwa kufanya yeye, na siku ya kukifanya. Yaliyobaki ni nyongeza.

Kwa kikao cha Alhamisi, jarida litoke Ijumaa kabla ya saa 10 alasiri, watu hawajaingia kwenye harusi na misiba ya mwisho wa wiki. Hilo linawezekana tu kama sehemu kubwa imeandikwa kabla ya kikao: ratiba ya wiki tatu zijazo, zamu za mapokezi, siku za kuzaliwa, na wasifu wa mzungumzaji. Wasifu uwe mistari mitatu, na mwenyewe akutumie kufikia Jumatatu, jina na cheo vikiwa kama anavyoviandika yeye. Kukosea jina la mgeni ni njia ya haraka ya kumfanya asirudi. Kikaoni unabaki na kazi ndogo: idadi ya waliohudhuria, wageni na walikotoka, hoja mbili au tatu za mzungumzaji, na maamuzi.

Ukurasa wa A4 kwenye simu unamlazimu msomaji kukuza maandishi kwa vidole kila mstari, anachoka. Tengeneza A5 ya wima, herufi za ukubwa wa 13 au 14, kurasa mbili. Faili lisizidi MB 1. Kinacholinenepesha ni picha. Picha moja ya simu za sasa ina MB 3 hadi 5, lakini ukiipunguza upande mrefu uwe pikseli 1,200 na ubora wa asilimia 75, itashuka hadi KB 200 na ushee bila macho kuona tofauti. Mwambie mpiga picha akutumie kama dokumenti, maana WhatsApp ikishaibana na wewe ukaibana tena, nyuso zinakuwa ukungu. Picha tatu zinatosha. Kila moja iwe na maelezo: nani na nani kuanzia kushoto, wapi, wanafanya nini.

Pamoja na PDF tuma ujumbe wa maandishi, maana wapo watakaosoma huo tu. WhatsApp huuficha ujumbe mrefu chini ya "Soma zaidi", kwa hiyo mistari ya mwanzo ndiyo ibebe kazi. Mfano:

*JUMAMOSI saa 2:00 asubuhi: kupanda miti shuleni, Kiboriloni. Njoo na jembe na buti. Wanahitajika 12, wamejiandikisha 7.*
*ADA ya robo mwaka: mwisho tarehe 31.*
*ALHAMISI ijayo: daktari wa meno, saa 12:00 kamili.*

Salamu za rais ziwe chini ya hapo. Najua marais hupenda ziwe juu, ila ongea naye mapema kwa heshima, atakuelewa.

Usitegemee orodha ya utangazaji ya WhatsApp (broadcast list). Ina kikomo cha watu 256, na ujumbe haumfikii asiyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Fungua kundi la matangazo ambalo viongozi pekee wanaandika, gumzo libaki kwenye kundi lake. Tangazo likitupwa kwenye gumzo linafunikwa na salamu za asubuhi kabla ya saa 3. Faili nalo lipe jina linaloanza na mwaka, mfano 2025-07-10, yatajipanga yenyewe kwa tarehe.

---

Sajenti_wa_Zamu amejibu:

Kuhusu kikao. Kengele igongwe saa 12:00 hata kama mmekaa watano. Klabu inayosubiri wachelewaji inawaadhibu waliowahi, na baada ya mwezi hao nao wataanza kuchelewa.

Muda wa kukaa pamoja uwekeni kabla ya kengele. Mlango uwe wazi saa 11:30, chai na soda ziwe tayari, sajenti (mwanachama anayesimamia utaratibu wa kikao) awe mlangoni na daftari la mahudhurio na beji za majina. Mkiuacha mwishoni haupo: anayekwenda Himo au Machame anawahi usafiri. Wanachama wakiachiwa wajipange hukaa na wale wale kila wiki, kwa hiyo gawa kadi za rangi mlangoni, rangi ndiyo meza. Meza za watu sita sita ni bora kuliko meza moja ndefu, maana kwenye ndefu unaongea na wawili tu. Kila mgeni apewe mwenyeji kwa jina, na wageni wawili waliokuja pamoja wasikae meza moja. Moshi mna bahati: misimu ya kupanda mlima, Januari hadi mwanzoni mwa Machi na Juni hadi Oktoba, huleta wanachama wa klabu za nje wanaotaka kuhudhuria na kubadilishana bendera ndogo za klabu. Muwe nazo akiba, na mchukue anwani zao za barua pepe. Jarida lenye picha yao likiwafikia huko kwao, ndipo mazungumzo ya mradi wa pamoja huanza.

Ukishagonga kengele: sala fupi isiyobagua imani na utambulisho wa wageni, dakika 10 kwa jumla. Matangazo dakika 10. Mzungumzaji aanze saa 12:20, dakika 20 za kuzungumza na 10 za maswali. Sajenti na faini za utani dakika 8. Shukrani, kengele, saa 1:00.

Panapovuja ni kwenye matangazo. Mtu anasimama kutangaza, wa pili anamuuliza swali, wa tatu anapinga, mara tangazo limekuwa mjadala wa bodi. Dawa yake: kila tangazo lifike kwa katibu kwa maandishi kufikia Jumatano saa 6 mchana, lisomwe kwa dakika moja, na maswali yapelekwe kwa mwenyekiti wa kamati husika. Lisiloandikwa linasubiri jarida. Rais akilegeza mara moja kwa ajili ya mzee fulani, utaratibu umekwisha.

Mzungumzaji aoneshwe kadi zikibaki dakika 5 na 1. Projekta ijaribiwe saa 11:30 na kompyuta yake mwenyewe, na umwambie mapema ajiandae kuzungumza bila picha, umeme ukikatika.

Faini iwe ndogo, Sh 1,000 au 2,000, na bodi iweke kikomo kwa mtu mmoja kwa jioni moja. Wageni na vijana wa Rotaract (klabu za vijana za Rotary) wasitozwe. Kamwe isimguse mtu kwa ugonjwa, imani au mfuko wake. Anayeumia kwa faini hasemi, anaacha tu kuja.

Na Ramadhani: hapa kwetu jua huzama kati ya saa 12:20 na 12:55 kutegemea mwezi, kwa hiyo kikao cha saa 12:00 kinawakata Waislamu katikati ya futari na sala ya magharibi. Andaeni futari ya pamoja: tende na maji kwa adhana, nafasi ya kuswali, programu ianze saa 1:15. Kama nyinyi ni Rotary, tangu 2016 klabu ina uhuru wa kupanga vikao vyake ili mradi ikutane angalau mara mbili kwa mwezi, kwa hiyo si lazima kila Alhamisi iwe hotelini. Alhamisi moja ya mwezi nyumbani kwa mwanachama hujenga undugu kuliko hotuba nne.

---

KatibuRau ameandika:

Asanteni sana, nimenakili yote. Naongeza mawili. Habari za miradi: tumechangia maji shule moja upande wa Arumeru, niandikeje isiwe "tulikabidhi, tukapiga picha"? Na habari za pesa, misiba na picha za watoto, mipaka iko wapi?

---

Maji_UsaRiver amejibu:

Kwa Arumeru usiandike mradi wa maji bila kutaja floridi. Maji mengi kuzunguka Mlima Meru yana madini hayo kwa wingi kutokana na miamba ya volkano, ndiyo sababu ya meno ya kahawia, na kiwango kikiwa kikubwa zaidi kwa miaka mingi hupinda mifupa ya watoto. Shirika la Afya Duniani linapendekeza yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kwa hiyo habari yako iseme: chanzo ni nini, kipimo cha floridi ni kiasi gani, kilipimwa lini na maabara ipi. Kuchemsha hakuondoi floridi, kunazidisha kidogo kwa sababu maji yanapungua na madini yanabaki. Liandike hilo wazi, wanachama wengi hawalijui.

Kama mmeweka kichujio cha mkaa wa mifupa, kile kinachonasa floridi, andika tarehe ya kuwekwa na tarehe ya kupima tena. Mkaa huo hushiba. Ukishashiba maji yanatoka safi kwa macho na floridi imo ile ile, wala hakuna harufu wala ladha ya kukushtua.

Kama ni simtanki la mvua, hesabu ni rahisi: milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1, toa asilimia 20 ya kupotea. Bati la mita za mraba 100 na mvua ya milimita 50 ni lita 4,000. Msomaji akiona hesabu hiyo anaelewa kwa nini tanki la lita 2,000 ni dogo kwa shule, na kwamba tatizo ni kiangazi, siyo masika. Maji ya mvua karibu hayana floridi kabisa, kwa hiyo yatengewe kunywa na kupikia, kufua kutumie ya bomba. Taja pia nani anasafisha mifereji na kutupa maji ya mvua ya kwanza, na nani ananunua koki ikivunjika. Koki ndiyo hufa kwanza.

Halafu rudia habari hiyo baada ya miezi 6, tanki likiwa na maji au bila. Hiyo ndiyo habari ninayoiheshimu kuliko ya makabidhiano.

---

Hazina_Sakina amejibu:

Pesa: akaunti mbili, ya uendeshaji na ya miradi, zisichanganywe hata kwa siku moja. Kwenye jarida weka kilichokusanywa wiki hiyo na kilikokwenda, pamoja na makato ya simu. Michango ipitie Lipa Namba iliyosajiliwa kwa jina la klabu, siyo simu ya mweka hazina, maana akibadilika kila Julai watu wataendelea kutuma kwa wa zamani. Majina ya wanaodaiwa ada usiyachapishe popote, mpigie mtu simu.

Picha za watoto: pata ridhaa ya maandishi ya mzazi au mlezi. Barua ya mwalimu mkuu peke yake isikutoshe. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na jarida la WhatsApp linasambaa nje ya klabu ndani ya dakika. Usiweke jina kamili la mtoto pamoja na shule yake. Mgonjwa asitajwe ugonjwa wake, na hata jina lake mpaka akubali.

Msiba hausubiri Ijumaa, tuma saa hiyo hiyo: uhusiano wa marehemu na mwanachama, msiba uko wapi, siku na mahali pa maziko, usafiri unaondoka wapi na saa ngapi, rambirambi zinapokelewa na nani. Maziko yakiwa migombani, Rombo au Kibosho, wakati wa masika, sema kama barabara inahitaji gari la juu, na ondokeni saa moja mapema zaidi. Mmoja ateuliwe kushika daftari la rambirambi, na jumla akabidhiwe mfiwa pamoja na orodha ya waliochanga. Orodha hiyo usiiweke kwenye jarida.

---

KatibuRau ameandika:

Nimepata. Kadi za rangi na kundi la matangazo naanza navyo wiki ya kwanza ya Julai. @Maji_UsaRiver, kipimo cha floridi nitakifuata kwa mwalimu mkuu, na kama hakipo tutapima upya kabla sijaandika mstari wowote.

---

Maji_UsaRiver amejibu:

Chukua sampuli kwenye chupa ya plastiki safi, siyo ya kioo, isuuze mara tatu kwa maji hayo hayo, na uandike tarehe na bomba lililotumika. Chukua mbili: moja kwenye chanzo, moja kwenye koki wanayonywea watoto.