Walimu wa msingi, mnawezaje kuamua mambo yote haya kwa siku?

Habari zenu walimu wenzangu. Nafundisha darasa la tatu, watoto wanapita mia, na kinachonimaliza sio kusimama wala kuongea, ni kuamua. Yaani naandika ubaoni huyu anaomba kwenda chooni, yule hana kalamu, kule nyuma wawili wanagombania daftari, mbele kuna mtoto kalala sijui ni njaa au homa, na hapohapo niamue kama somo la kugawanya limeeleweka tuendelee au nirudie. Wiki ya zamu ndo usiseme. Nikifika home wakiniuliza tupike nini nashindwa hata kujibu. Nyie mnafanyaje?

mama_chaki: Pole sana mwalimu. Yale madogo yaamue mara moja tu, muhula ukianza. Kwangu choo kina kijiti kimetundikwa mlangoni, kipo unaenda, hakipo unasubiri mwenzio arudi, hakuna kuniuliza. Kalamu za akiba anatunza monita. Wa kujibu maswali nachomoa jina kwenye kopo, nimeyaandika kwenye vipande vya boksi, na wale wakimya wa nyuma nao wanafikiwa.

Mwl_wa_Hesabu: Kijiti sawa ila tuseme ukweli, hapa Tanzania uwiano unaotakiwa ni mwalimu 1 kwa watoto 45. Elimu bila ada ilipoanza 2016 watoto walimiminika, jambo jema kabisa hilo, ila walimu hawakuongezeka kwa kasi ileile. Kwa hiyo usijione dhaifu dada. Kaa na mwalimu mkuu muongee kama darasa linaweza kugawanywa, wengine asubuhi wengine mchana.

teacher_k: Mi naongezea hilo la kurudia au kuendelea, liamue ukiwa unaandika andalio la somo. Panga swali moja wafanye kwenye daftari, pita safu mbili tu ukiangalia, wengi wakikosa unarudia, basi, hubishani na kichwa. Ila huyo aliyelala usimwekee utaratibu jamani, mwinamie umuulize amekula nini. Hapo ndo akili yako inahitajika, ndo maana tunaihifadhi.

Muuliza swali: Asanteni sana, kesho naanza na kijiti. Ila aliyebanwa kweli na kijiti hakipo je?

mama_chaki: Anaenda tu, hiyo waambie siku ya kwanza kabisa. Na mwenye tumbo la kuhara hata ruhusa asiombe.