Nyimbo zipi za kila mtindo DJ wa sherehe asizikose?

Swali
Habari zenu, wakuu. Nimeanza kupiga muziki kwenye harusi na sherehe za kazini, na nyimbo nilizonazo ni nyingi mno, tena hazina mpangilio. Kwa kila mtindo, ni zipi hasa zinazowainua watu vitini?

Jibu la 1
Hongera kwa kuanza. Mimi hutanguliza disko, kwa sababu "September" ya Earth, Wind & Fire na "Le Freak" ya Chic, zote za mwaka 1978, huwaita wazee na vijana kwa pamoja. Mapigo yake ni kama 120 hadi 126 kwa dakika, hivyo unaingia kwenye hausi (muziki wa dansi wa kielektroniki) bila mchezaji kupoteza hatua. Tazama miguu iliyo chini ya meza: ikianza kugonga sakafu, usibadilishe mtindo.

Jibu la 2
Naunga mkono, ila ugumu halisi uko kwenye kushuka kutoka mapigo ya kasi hadi ya polepole. Regetoni nyingi (muziki wa dansi wa Amerika ya Kilatini) huwa kati ya mapigo 90 na 100 kwa dakika, na ukiiunganisha moja kwa moja na hausi, uwanja huvunjika. Afadhali uuache wimbo wa kwanza uishe, useme neno kwenye maikrofoni, kisha uanze upya. Kwa hip hop, beba matoleo yasiyo na matusi, maana watoto huwapo. Nyimbo za taratibu mbili zinatosha.

Muuliza swali
Nashukuru sana. Leo naanza kuzipanga upya kwa mapigo.