Kurekodi muziki wa Ayalandi nyumbani: ngoma inaimeza fidla, nisaidieni

Dufu_Forest (Mbeya)

Wakuu, habari zenu. Natafuta aliyewahi kurekodi ngoma pamoja na vyombo vya sauti nyembamba, maana hapa tumekwama.

Tupo marafiki wanne, tunakutana kwangu Forest Jumapili jioni. Mmoja fidla, mmoja filimbi ya bati ya ufunguo wa D, mmoja gitaa, mimi bodhrán. Kwa asiyeijua, bodhrán ni ngoma ya Kiayalandi: duara la mbao lililowambwa ngozi ya mbuzi upande mmoja, yangu ina kipenyo cha sentimita 40 hivi. Unaisimamisha pajani. Mkono wa kulia unashika kijiti kifupi cha vichwa viwili, wa kushoto unaingia kwa nyuma na kuibana ngozi ili sauti ipande na kushuka. Niliachiwa na daktari wa huko alipomaliza mkataba wake hapa. Mimi mtu wa Tanga, dufu nimelipiga tangu utotoni kwenye maulidi, kwa hiyo ngozi naijua. Kilichonisumbua ni kijiti.

Tunataka kurekodi seti mbili, moja ya jigi na moja ya rili (aina mbili za muziki wa dansi wa Kiayalandi), tumtumie daktari na sisi wenyewe tubaki nazo. Kila tukisikiliza, ngoma imekaa juu ya wote na fidla inasikika kama inapigiwa uani. Mpaka sasa tumetumia simu juu ya meza. Nimeazima maiki mbili za kadioidi (zinazosikia zaidi kwa mbele) na kinasa sauti kidogo chenye maiki zake mbili juu, jumla njia nne. Sebule ina sakafu ya saruji na bati bila dari.

Jambo moja naomba mlizingatie: sitaki kila mtu arekodi peke yake. Tunapiga tukitazamana, na ndiyo raha yake.

StudioMwanjelwa

Mkuu, hapo unajitesa. Weka kliki (mlio wa kuhesabu mapigo), kila mtu avae hedifoni apige sehemu yake, ngoma mwisho. Ikizidi unaishusha kwenye miksa, kazi imekwisha. Watu wanne kwenye chumba cha saruji ni vurugu tupu.

Dufu_Forest

Nakuelewa kaka, na kwa bongo fleva ningefanya hivyo hivyo. Ila huyu wa fidla akifika mwisho wa sehemu huwa anavuta kidogo, kisha anarudi kwa nguvu. Mimi namwangalia kiwiko, najua anakuja. Nikimwekea kliki masikioni hatavuta tena, na mimi sina cha kuangalia. Kama gharama ya usafi ni kuupoteza mvuto ule, bora rekodi yenye uchafu kidogo.

FundiKwaya_Tukuyu

Ndugu yangu, mimi narekodi kwaya na tarumbeta huku Rungwe, vyumba vyangu ni hivyo hivyo vya saruji. Inawezekana kabisa mkiwa pamoja.

Kwanza achana na mezani. Maiki ya kadioidi haisikii vizuri mgongoni kwake, na huo ndio msaada wako mkubwa. Ielekeze kwenye fidla, kisha wewe na ngoma mkae mgongoni mwa maiki, mita mbili nyuma. Hapo umeshaishusha ngoma kabla hujagusa kitufe chochote. Halafu isogeze karibu na fidla. Ukipunguza umbali kwa nusu, sauti inapanda desibeli 6 hivi, wakati ngoma kwenye maiki hiyo haijaongezeka sana. Filimbi akae upande huo huo wa fidla, ila hatua moja nyuma yake, kwa sababu noti yake ya D ya juu inachoma.

Maiki ya pili iweke nyuma ya bodhrán, upande ulio wazi. Usiielekeze mbele kwenye kijiti. Mbele utapata "tak tak" tu. Besi na ile sauti ya ngozi inayobanwa zinatokea nyuma. Iweke chini ya kiwiko chako cha kushoto, sentimita 30, ikitazama juu kidogo ili mkono usiizibe. Na hapa watu wengi hupotea: ngozi ikisukuma hewa kwenda mbele, nyuma inavuta. Maiki za kinasa ziko mbele, hii iko nyuma, kwa hiyo zinapingana na besi inayeyuka. Kwenye programu ya kurekodi geuza fezi (mwelekeo wa wimbi la sauti) ya ile ya nyuma, usikilize tena. Utashtuka.

Maiki za kinasa zichukue gitaa na chumba kizima. Tandika magodoro mawili ukutani nyuma yako na blanketi sakafuni. Mvua ikianza kupiga bati, zimeni mpumzike. Hakuna dawa ya bati.

Filimbi_Gangilonga (Iringa)

Maelekezo ya fundi ni mazuri sana, lakini mimi ningeanzia kwenye mkono wa mpigaji.

Bodhrán kuwa ndani ya bendi si jambo la zamani sana. Kwa muda mrefu ilikuwa ngoma ya tarehe 26 Desemba, vijana wakipita nyumba kwa nyumba. Mtunzi wa Kiayalandi Seán Ó Riada ndiye aliyeiingiza kwenye kundi lake la Ceoltóirí Chualann mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kabla yake wimbo ulikuwepo na ulikuwa unajitosheleza bila ngoma. Ndiyo maana kwenye vikao vya Waayalandi vya kupiga muziki mara nyingi anapiga bodhrán mmoja tu, wengine hata wakiwa nazo husubiri.

Sasa jigi. Ni 6/8, mapigo mawili makubwa, kila moja lina matatu ndani. Mtu aliyekulia kwenye ngoma za pwani akisikia 6/8, mkono wake unataka kupitisha mapigo matatu juu ya mawili. Kwenye chakacha ni utamu, kwenye jigi unamkata mwenye fidla, kwa sababu yeye tayari ana mapambo yake madogo kwenye noti zile zile. Lalia yale mawili makubwa, mengine yawe mepesi.

Na msianze wote pamoja. Wimbo wa kawaida una sehemu mbili za vipimo 8, kila moja inarudiwa, jumla 32, kisha mnazunguka mara tatu. Mzunguko wa kwanza mwachie fidla na filimbi. Wewe ingia wa pili kwa mkono uliobana ngozi, wa tatu ndio uifungue. Hapo msikilizaji anaisikia ngoma ikifika, wala hutahitaji kuishusha.

Ngozi nayo iangalie. Msimu huu wa mvua Mbeya inalegea, sauti inakuwa nzito na inavuma. Yako ina skrubu au misumari?

Dufu_Forest

Misumari, dada. Kwenye maulidi tulikuwa tunayapasha matari motoni, hii naogopa itachanika.

Filimbi_Gangilonga (Iringa)

Usiikaribishe jikoni. Iache juani kidogo mchana, na ikikaza kupita kiasi ipake maji machache kwa ndani kwa kiganja.

Dufu_Forest

Ndaga fijo, wote. Tumejaribu jana mchana kabla wingu halijashuka kutoka mlima Loleza. Nimekaa mgongoni mwa maiki, magodoro nyuma yangu, fezi nimeigeuza. Fundi, besi imerudi kweli! Mzunguko wa kwanza nimeweka kijiti chini na kuwasikiliza tu. Nilipoingia wa pili, fidla hakusukumwa hata kidogo; aliinua uso akanitazama, akaongeza nguvu.

Jigi naona imekamilika. Rili nimeipandisha hapa chini. Filimbi_Gangilonga, sikiliza sehemu ya pili mzunguko wa tatu, uniambie kama mkono wa kushoto unafungua ngozi mapema mno. Na StudioMwanjelwa, kama una nafasi, nisaidie kupunguza mvumo wa gitaa bila kuigusa fidla. Hapo nakuamini kuliko mimi.