Takataka za kwenye simu: kosa ni la kidole changu au la mwenye mtandao?

Mleta mada, Nkuhungu:

Wadau, hili linanikera, tulijadili.

Juzi ilipita picha ya basi lililopinduka barabara ya Morogoro. Shemeji yangu huja Dodoma kufuata zabibu, na siku hiyo alikuwa njiani. Nikasimama. Nikakuza picha nisome namba ya basi, nikashuka kwenye maoni kutafuta majina. Dakika kumi hivi. Kumbe mwenzangu yuko Gairo anakula zake mahindi ya kuchoma, simu imezima chaji.

Simu yangu haikujua kwamba nilikuwa na hofu. Tangu jioni ile naletewa ajali tu: malori ya India, bodaboda za sijui wapi. Nikizipita nakutana na mkeka wa kubeti wa uhakika, halafu mkopo wa dakika tano bila dhamana, yaani kausha damu iliyovaa suti.

Ukilalamika unaambiwa, "Unaletewa unachokipenda." Nakataa. Mtambo wa mtandao unaokupangia machapisho unapima ulipotulia, ulipobofya, ulichojibu na ulichomtumia mwenzako. Sababu haiujui. Hata ukiingia kwenye maoni kumsema mwenye chapisho, umempigia debe.

Dawa nimezijaribu. Facebook unaweza kumweka mtu kando siku 30 bila kuvunja urafiki; hiyo imeniokoa kwa binamu yangu mmoja ambaye kumfuta siwezi, misibani tunakutana. Video kujicheza zenyewe nimezima, maana bando la wiki lilikuwa haliioni Alhamisi. Ila kwa wasionijua, kubonyeza "sivutiwi" ni kupunga nzi kwenye ndoo ya maembe pale Majengo.

Sheria tunazo: ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2020 zilizochukua nafasi ya zile za 2018. Nyingi zinamwinda aliyechapisha. Mimi simtaki huyo, namtaka anayenipakulia. Umoja wa Ulaya unailazimisha mitandao mikubwa sana kuwapa watu walau namna moja ya kupangiwa machapisho bila kufuatiliwa tabia zao. Na sisi tudai kitufe cha kuchagua hivyo.

Mchangiaji, Makole:

Serikali ifunge mitandao yote tulale.

Mleta mada:

Ukishafunga, hilo wazo lako utaliandika wapi?

Muuza alizeti, Kibaigwa:

Mkuu, kitufe chako kitaniua njaa. Wanaonifuata hawafiki mia tatu, na nusu ni ndugu wanaotaka mafuta ya bure. Wateja wa kweli ni wasionijua: video ya mashine ikikamua inamwangukia mtu Dar, ananipigia. Kwako takataka, kwangu ada ya mtoto. Halafu Facebook sehemu ya kuona unaowafuata tu, kwa mpangilio wa muda, ipo tangu 2022. Umewahi kuifungua?

Mama wa wawili, Chang'ombe:

Nyie mnabishana kama simu inashikwa na watu wazima tu. Ya kwangu hukaa kwa mtoto wa darasa la tatu ninapopika. Alianza na katuni. Nimeepua ugali nakuta mganga anauza pete ya utajiri, na mwanangu ananiuliza tutainunua lini. Sikubofya kitu hapo, wala yeye hakutafuta.

Mleta mada:

Wa Kibaigwa umenibana. Hiyo sehemu nimeifungua leo. Ipo, lakini imefichwa ndani ya menyu, na ukitoka unarudishwa kulekule kwenye malori. Na kusema kweli, dumu la alizeti lililoko jikoni kwangu nililiona kwa mtu nisiyemfuata.

Kwa hiyo narekebisha hoja. Kitufe kiwe mbele, na nikishachagua kisijirudishe. Tunapogombana ni hapa: simu ikitoka dukani, kiwe kimewashwa au kimezimwa? Kikiwashwa, wa Kibaigwa anaumia. Kikizimwa, wa Chang'ombe anaendelea kuulizwa bei ya pete. Mimi nasema kiwashwe, anayetaka wageni awafungulie mwenyewe. Mwenye alizeti, nipinge.