Kamati ya Kupamba: nani atazishika picha

Mamkubwa: Assalaam alaykum kamati. Yule binti wa picha ameleta bei ya harusi yetu ya Desemba. Amenirushia na picha za kupamba, ile sherehe ya wanawake watupu, alizopiga mwezi uliopita, mashaAllah kazi safi. Nimtumie malipo ya kwanza leo?

Wifi: Waalaykum salaam Mamkubwa. Hizo picha ni za jukwaani? Nywele na mabega wazi?

Mamkubwa: Ndiyo, bi harusi na dada zake.

Wifi: Basi hapo pana jambo kubwa kuliko bei. Wenyewe hawajui kama sura zao ziko kwenye simu yako. Desemba zetu nazo zitakuwa kwenye simu ya mtu mwengine. Mpiga picha wa kupamba akitaka kuonyesha kazi yake, huonyesha mikono ya hina, mkia wa gauni, vito, jukwaa tupu, ama bi harusi aliyempa ruhusa kwa maandishi.

Shangazi: Wallahi ni kweli. Zifute Mamkubwa, tutafute mwengine.

Mamkubwa: Nimeshazifuta. Huyo mwengine tumuulize nini?

Wifi: La kwanza, nani anazisafisha picha. Wapigaji wanawake Mombasa wapo wengi, lakini kadi ya kamera ikitoka ukumbini huenda studio, na mara nyingi anayekaa kwenye kompyuta pale ni mwanamume. Pia ukumbi ukiweka skrini kubwa, kuna mtu wa mitambo nyuma ya pazia anayeona yote. Hao wote watajwe kwa majina kwenye mkataba, na wawe wanawake. Mkataba ukisema "timu yetu" tu, haujasema kitu.

Halati: Na uchapishaji je? Hapo ndipo watu hukwama. Kwenye maabara za picha wafanyakazi ni mchanganyiko. Mimi naona tufanye albamu mbili. Ile kubwa ya sebuleni, inayofunguliwa na kila mgeni, iwe ya nikahi na familia waliojisitiri. Za kupamba ziwe kitabu kidogo cha chumbani, mpiga picha azichapishe mwenyewe kwake. Printa nzuri ya wino ya A4 yatosha, na karatasi ya picha ya gramu 250 kwenda juu.

Shangazi: Hilo limenipendeza sana.

Mamkubwa: Simu za wageni tutakusanya mlangoni, kila moja na namba yake.

Wifi: Na za wapiga picha pia, msisahau. Kamera yatosha. Hizo video fupi za "nyuma ya pazia" ndizo huvuja.

Wifi: Upande wa vyombo: wapigaji wawili, kila mmoja na kamera yenye nafasi mbili za kadi, ili kila picha iandikwe mara mbili papo hapo. Kadi huharibika bila kupiga hodi. Kamera ya megapikseli 24 faili ghafi moja, yaani picha kabla haijasafishwa, ni kama MB 25 hadi 30, kwa hivyo picha 1,500 zakaribia GB 40. Kadi ziwe za GB 64 au zaidi. Kabla hatujaondoka ukumbini nakala ziwe kwenye diski mbili, moja tuondoke nayo sisi.

Halati: Mwanga pia. Zile taa za zambarau za ukumbini huua rangi ya ngozi na ya hina. Mwenye ukumbi aambiwe mapema atupe taa nyeupe jukwaani kwa nusu saa ya picha za familia. Makundi 15, dakika mbili kila kundi, na Shangazi ndiye aite majina kwa kuwa anajua watu wa pande zote mbili. Na dari ikipambwa kitambaa cha rangi, flashi isielekezwe juu, mwanga hurudi na rangi ile ile usoni. Hapo zatakiwa taa mbili za kusimama zenye mwavuli.

Wifi: Mpambaji naye aulizwe poda anayomalizia. Ile nyeupe laini yenye madini ya silika huonekana sawa kwa macho, flashi ikipiga, chini ya macho panatoka kama pamepakwa majivu. Bi harusi ajaribiwe kwa picha moja ya flashi kabla ya kuvaa gauni.

Shangazi: Na za nje na bwana harusi?

Wifi: Desemba jua huzama kama saa kumi na mbili na dakika ishirini na kitu, na Maghribi haingoji. Tuwe ufukweni saa kumi na moja kasoro robo, tumalize saa kumi na mbili. Machweo ya baharini msiyatarajie, bahari yetu iko mashariki. Upepo wa kaskazi utavuta shela, zije pini za kutosha. Na kamera zisitolewe ghafla kwenye gari lenye kiyoyozi, lenzi hushika ukungu. Zikae ndani ya mkoba uliofungwa kama nusu saa zizoee joto.

Halati: Malipo: nusu sasa, robo asubuhi ya siku yenyewe, robo akikabidhi kila kitu. Na aandike kwamba baada ya siku 60 anafuta faili zote za kupamba.

Mamkubwa: Nimempata mwengine, yuko Kibokoni. Nilipomwomba sampuli ameniletea picha za hina na jukwaa tu. Mhariri ni dadake. Kesho baada ya Alasiri yuaja na mkataba, Wifi na Shangazi mje nyumbani tuusome pamoja.