Watoto wa sungura: California, New Zealand White au Chinchilla?

NyasiMbichi (Kondele, Kisumu)
Wadau, hamjambo. Natafuta jozi ya sungura wa watoto wangu kucheza nao, baadaye niwapandishe. Muuzaji ana watoto wa mama watatu tofauti, umri wa wiki tatu hivi. Wa kwanza ni weupe pe. Wa pili weupe, lakini wana kivuli cha kijivu puani na masikioni. Wa tatu kijivu mwili mzima. Anawaita New Zealand White, California na Chinchilla, na hao wa kivuli bei yao imepanda. Rangi ya mtoto mdogo hivyo inaaminika kweli?

MzeeMolo
Anza na macho. New Zealand White na California wote macho yao mekundu. Mweupe mwenye macho meusi au ya buluu si wa kundi hilo. Chinchilla ana macho ya kahawia iliyokolea.

Sasa hicho kivuli. Rangi ya California hutokea tu penye baridi mwilini: pua, masikio, miguu na mkia. Kimeng'enya kinachoitengeneza hakifanyi kazi kwenye joto. Ndiyo maana huku Molo kwenye baridi pua zao huwa nyeusi kama masizi. Mtoto akipigwa na baridi kwenye kisanduku cha kuzalia, anaweza kupata hata madoa ya kijivu mgongoni, nayo hutoka manyoya yakibadilika. Wiki tatu ni mapema mno kuhukumu.

MamaAhero
Na ukimleta huku kwetu kwenye joto, yule yule hupauka. Wangu wakati wa kiangazi pua hugeuka kahawia. Kwa hiyo Kisumu usimkatae California eti kwa kuwa alama zake zimefifia.

FundiVizimba (Njoro)
Mama, hapo ndipo wauzaji wanapojificha. Alama hafifu zinaweza kuwa joto, zinaweza pia kuwa uchotara. Pandisha California halisi na New Zealand White: watoto wote watatoka na alama, kwa sababu weupe mtupu hujificha chini ya rangi ya California. Mara nyingi alama zao huwa hafifu. Kisha pandisha hao chotara wao kwa wao, na kwa wastani mmoja kati ya wanne atatoka mweupe pe. Mtoto hakuonyeshi haya. Wazazi ndio wa kutazamwa.

Hata aina ya California yenyewe ilianza kwa kuchanganya. George West wa Marekani aliianza mwaka 1923 kwa sungura wa aina ya Himalaya na Chinchilla, ndipo akaingiza New Zealand White.

NyasiMbichi
Na wa kijivu je?

FundiVizimba (Njoro)
Huyo ndiye rahisi. Puliza manyoya ya ubavuni yafunguke. Chinchilla ana pete: chini kijivu kizito cha samawati, katikati kijivu cheupe, ncha nyeusi. Rangi moja kutoka shina hadi ncha? Ni wa kijivu tu, mlipe bei ya kijivu. Manyoya bado mafupi, basi rudia akiwa amekua kidogo.

MamaAhero
Na hao wa wiki tatu bado wananyonya jamani! Asikupe kabla ya wiki sita. Jozi pia usichukue ndugu wa tumbo moja kama utawapandisha.

NyasiMbichi
Asanteni. Nimempigia. Dume ni California, mama wa hao wa kivuli ni mweupe mtupu.

FundiVizimba (Njoro)
Basi ni chotara. Kwa nyama mchanganyiko huo ni mzuri sana, wafugaji wengi huutafuta makusudi. Ila bei ya California halisi, hapana.

MzeeMolo
Mimi ningengoja wa kijivu wafike umri, nije nipulize mwenyewe. Jike hapo, dume kwa mfugaji mwingine.